Sakafu ya Jeep ya Komanda

Buti la Komanda lilitoboa sakafu ya jeep siku ya Jumatano, penye kona ya Nyamianda, likakwaruza barabara kabla dereva hajakanyaga breki. Saa moja baadaye gari lilikuwa limesimama uani kwa Libérat, fundi wa mtaa wa Songo, Uvira, Komanda akipigana na mlango wa kulia ili atoke.

“Inua kidogo, kisha sukuma,” Libérat alisema, akiendelea kunawa mikono.

Mlango ukafunguka. Komanda akamtazama. “Umejuaje?”

“Jeep za zamani ziko vile, Komanda.”

“Jumamosi saa sita ninashuka Fizi nayo, kule vita iko. Isipokuwa tayari, weye utalala kasho, umefungwa.” Akacheka peke yake.

Libérat hakuwa na mashine ya kuchomelea. Askari wakamleta Hyacinthe kutoka Sange, yeye na mashine yake, nyuma ya pikapu. Hyacinthe hakumjua mtu Songo wala hakutaka kumjua. Alitaka kurudi kwake.

Walipotoa mikeka ya mpira ya sakafuni, kutu ilionekana kuwa ya upana wa sahani. Libérat akakata hadi kwenye chuma kizima, akagonga, nyundo ikazama. Akakata tena, ikazama tena. Kufikia jioni ungeweza kusimama ardhini ukiwa ndani ya gari, kuanzia kiti cha mbele mpaka cha nyuma.

Mjini hakukuwa na chuma cha kununua, kwa hiyo walipasua pipa la mafuta. Chuma cha pipa hakisahau mviringo wake: ukikilaza upande huu, kinainuka upande ule. Libérat alikigonga Alhamisi nzima. Umeme ulikuja, ukaenda, ukarudi dhaifu. Hyacinthe akalazimisha, akatoboa matundu mawili pasipokuwa na tundu.

“Tupige nukta nne za kuchomelea, tuzibe na masitiki, tupake rangi,” Hyacinthe alisema Ijumaa asubuhi. “Nani iko anaangalia chini?”

“Tuchome mstari mzima,” Libérat alisema.

“Ifike Fizi, ianguke. Vita ni yao. Ama weye uko muntu wao?”

Libérat alichukua patasi, akang'oa nukta nne ambazo mwenzake alikuwa amekwisha kuzipiga.

Hyacinthe akatupa miwani yake chini. “Muntu gani huyu! Minye nimechoka! Kama unaipenda hivi, si uioe?”

“Choma.”

Akachoma, akitukana kwa Kifuliiru kila umeme ulipokatika. Libérat alilala chali chini ya gari, kutu ikimwangukia machoni, akikagua kila kiungo kwa ncha ya msumari. Penye tundu la sindano tu, alimwambia arudie. Walimaliza jioni.

Jumamosi, saa tano na nusu, Komanda alipanda akapiga buti sakafuni mara mbili. Sakafu ikajibu kwa sauti moja, nzito.

“Itakaa muda gani?”

“Miaka kumi.”

“Vita haitafika miaka kumi, fundi.”

“Hapana, Komanda. Haitafika.”

Gari likaondoka kuelekea kusini. Hyacinthe alilitazama hadi likapotea, kisha akatema mate. “Umewapa miaka kumi, na weye hawakukupa hata asante. Wajinga hawakosekani Uvira.” Akaondoka kwenda kutafuta lifti ya Sange bila kuaga.

Libérat aliingia ndani. Nyuma ya kabati palikuwa na daftari la shule, jalada lake jeusi kwa mafuta, na ndani yake matengenezo yote ya gari moja: plagi, breki, matairi, kila kitu na tarehe yake. Kurasa za mwanzo, tangu mwaka 1974, zilikuwa za mwandiko wa baba yake. Mstari wa mwisho ulikuwa wa mwandiko wake mwenyewe: “Agosti 1998. Jeep imechukuliwa kule Baraka, watu wenye bunduki.”

Akachonga kalamu, akaandika chini yake: “Novemba 1999. Sakafu mpya, chuma cha pipa, imechomwa mstari mzima. Mlango wa kulia bado.”