Kikombe chenye Uzi Mwekundu

Miezi yote ya ugonjwa, Tunu hakumruhusu mtu kugusa kikombe cha bati cha mke mwenzake, Zamda. Alikifunga uzi mwekundu, kisije kikachanganyika na vingine. Zamda alikinywea peke yake hadi kufa.

Leo daktari amemwambia Tunu kwamba naye ana saratani ileile ya mlango wa kizazi. Tunu akamweleza habari za kikombe.

"Kikombe hakina kosa, mama. Kirusi cha saratani hii huambukizwa kitandani. Mwanamume anaweza kukaa nacho miaka asiumwe hata kichwa."

Alipofika nyumbani alikitoa kikombe uvunguni, akajimiminia chai.

Mume wao, Makame, buheri wa afya, alishtuka. "Wewe! Si cha marehemu hicho? Utaambukizwa!"

Tunu akamkazia macho, akaendelea kunywa, uzi ukining'inia.