Raba Nne

Mkono ulitokeza dirishani, ukachomoa raba ya tatu, ukaitupa uani.

Kombo alishuka ngazi, akaiokota, akaipangusa mchanga kwenye suruali, akapanda nayo tena.

"Mzee, bila hizi mashine itatikisa ukuta mzima."

"Ukuta wangu naujua," alijibu Mzee Mtoro, kichwa chake kikiwa dirishani. "Utavumilia."

Kombo alikuwa fundi wa mafriji, ametoka Dar es Salaam kwa basi la kwanza. Mwaka huo wa 1974, mashine za kutia baridi nyumbani zilikuwa chache hata huko Dar, na nyingi zilikuwa sanduku moja la kuziba dirisha. Hii ya Mzee Mtoro ilikuwa ya vipande viwili: kimoja cha ndani, kinachotoa baridi, na kimoja cha nje, kinachotupa joto. Mzee aliinunua Japani katika safari yake ya mwisho, kabla hajaacha kazi ya meli na kurudi Bagamoyo, ikakaa ndani ya kasha lake miaka miwili. Kombo alikuwa amefunga ya namna hiyo mara moja tu, na hii ya pili alikusudia isiwe na kasoro.

Asubuhi alipofika, mwenye nyumba hakuwepo. Mkewe, Bi Sihaba, alimwelekeza njia.

"Yuko kwenye mashine ya kusaga. Huenda kila siku."

Alimkuta amekaa kwenye benchi, hana mahindi wala mfuko, ameegemeza kisogo ukutani. Ilibidi Kombo amwamkie mara mbili.

"Marahaba," alisema mzee, akainuka bila haraka.

Kazi ilianza kwa ubishi. Kombo alitaka kipande cha nje kikae mwisho wa ua, juu ya saruji, mbali na vyumba. Mzee alitaka kifungwe kwenye ukuta wa chumba cha kulala, upande wa mchagoni, anakolaza kichwa.

"Mchagoni, mzee?"

"Hapo hapo."

Kombo alipima. Mabomba yangekuwa mafupi, na upepo ulikuwepo. Akakubali, akachimbia vyuma viwili ukutani.

Kwenye umeme hawakubishana kabisa. Mzee mwenyewe ndiye aliyesema mashine iwe na swichi yake peke yake, na waya wa ardhi ufukiwe penye udongo wenye majimaji. Nati za mabomba ya shaba alizikaza kwa spana mbili, moja ikishika, nyingine ikizungusha, bila kuangalia mikono. Pampu iliponyonya hewa mabombani kwa saa nzima, hakuuliza kwa nini. Gesi ilipofunguliwa alipaka povu la sabuni kwenye maungio, akainama kutazama kama kuna panapotoa mapovu. Hapakuwepo.

Ugomvi ulibaki kwenye zile raba, moja kwa kila mguu wa mashine.

"Bwana anajua kila kitu," Kombo alimwambia Bi Sihaba alipomletea kahawa na vitumbua. "Lakini raba nne ndogo zimemshinda."

Bi Sihaba hakucheka. "Jumamosi anarudi melini. Wamekwisha kumwandikia."

"Kwa umri ule?"

"Mashine ikimfaa, atabaki. Ameniahidi."

Kombo alimhurumia. Alikuwa ameona waume wa kila aina, ila wa kukimbia nyumba yake kwa sababu ya joto hakuwahi kumwona. Mzee alipokwenda msikitini kusali adhuhuri, Kombo alipanda ngazi akazipachika raba zote nne, akakaza bolti, akaweka pima maji juu ya mashine. Ilikaa sawasawa.

Mzee aliporudi, Kombo aliiwasha. Baada ya dakika kumi chumba kilikuwa na baridi ya kutosha kumvalisha mtu koti. Kombo alibandika kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa umetulia.

"Sikiliza, mzee. Husikii kitu."

Mzee Mtoro alijilaza kitandani akasikiliza. Alivuta shuka hadi kidevuni. Macho yalibaki darini, hayapepesi.

"Kweli," alisema mwishowe. "Sisikii kitu."

Alilisema hilo kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Bi Sihaba alimshika Kombo mkono, akamtoa uani.

"Mwanangu, zitoe hizo raba."

"Mama, itanguruma. Hamtaweza kulala humu."

"Zitoe, nakuomba."

Kombo alizima umeme kwanza. Akautazama mkunjo aliouacha kwenye bomba, akaona unatosha kubeba mtikiso bila bomba kupasuka. Akazitoa raba moja moja, akakaza miguu ya mashine chuma kwa chuma. Hakuwahi kufanya hivyo kwa mteja yeyote, na aliomba asionekane na fundi mwenzake.

Alipoiwasha, ukuta ulinguruma. Vikombe viligongana kabatini na chokaa ikadondoka sakafuni. Kombo alikimbilia chumbani, maneno ya kuomba radhi yakiwa tayari mdomoni.

Mzee Mtoro alikuwa anakoroma.

"Hiyo baridi ipunguze, hana haja nayo!" Bi Sihaba alipaza sauti ili asikike, machozi yakimtiririka. "Miaka ishirini na sita kalala juu ya injini ya meli. Tangu arudi kwangu, hajapata usingizi wa kitanda mpaka leo."