Friji ya Bwana Dakta

Kikohozi kilisikika tena nyuma ya pazia, na fundi Bartholomayo akaangusha bisibisi.

"Nimemwamsha?" alinong'ona.

"Hajalala," alijibu sista Auleria, muuguzi wa gari. "Kifua tu kinamsumbua. Wewe shughulika na friji."

Gari lilikuwa kuukuu, la aina ile ambayo wazungu huifanya nyumba: kitanda nyuma, jiko ubavuni, na friji ndogo inayowashwa kwa gesi. Shirika lilikuwa limelileta Nyakahura, pamoja na dakta wa kizungu, wakimbizi walipofurika mpaka Ngara ikakosa pa kutemea mate, likageuzwa zahanati ya kutembea. Tangu juzi friji ilikuwa imekufa. Chanjo ya surua ya watoto wa Nyamigogo ilikuwa kwenye kasha la barafu, na barafu yenyewe sasa haikuzidi ngumi ya mtoto. Ikiyeyuka yote, chanjo ni ya kumwaga. Mwaka uliopita Auleria alikuwa amewafumba macho watoto wengi kwa sababu ya surua, na aliogopa kuurudia mwaka ule.

Bartholomayo alikuwa fundi wa karabai na majiko ya mafuta pale sokoni. Friji inayopozwa kwa moto aliiona kuwa ni ukaidi wa kizungu tu, lakini bomba la moshi ni bomba la moshi. Aliingiza waya, akachokonoa, ukamwagika udongo mkavu. Nyigu walikuwa wamejenga humo.

"Bwana Dakta ni mkali?" aliuliza huku akipuliza vumbi.

"Ukimkaribia ghafla, mkali sana."

"Kiswahili anakijua?"

"Hata neno moja."

Auleria alichukua fungu la majani ya viazi, akalipenyeza chini ya pazia. Fundi alikodoa macho.

"Anayala mabichi?"

"Ndivyo apendavyo. Nyama hajaigusa tangu azaliwe."

Bartholomayo alitikisa kichwa. Alishasikia kwamba wazungu wana mambo, lakini hakujua kama yamefika huko. Akaunganisha bomba, akafungua mtungi wa gesi, akawasha kiberiti. Hakuna kitu. Akautikisa mtungi. Mtupu.

Nyakahura nzima ilikuwa na mtungi mmoja mwingine wa gesi, nao ulikuwa nyumbani kwa Bwana Frednand. Kumwomba Frednand kitu ni sawa na kumkamua fahali.

Kabla hawajaamua la kufanya, mlango ulifunguliwa na Frednand mwenyewe akaingia, tai shingoni, jasho kwenye paji. Alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi ya Wageni, na miaka ile wageni wa kuja kuwatazama wakimbizi hawakukatika, kwa hiyo hata yeye alikuwa hakamatiki.

"Sista, gari nalichukua leo," alisema. "Kesho napokea wakubwa kutoka Dar. Wanahitaji pa kulala, na bia haziwezi kunywewa za moto. Hiyo friji imepona?"

"Na chanjo, mzee?"

"Wageni kwanza. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Watoto wa Nyamigogo wataletwa kesho asubuhi."

"Wako wapi? Mimi siwaoni hapa. Asiyekuwepo na lake halipo."

Auleria alilitupia jicho pazia.

"Basi mwombe Bwana Dakta," alisema. "Mimi wa kutumwa tu."

Frednand alifunga vifungo vya koti. Pazia la mkubwa halifunuliwi. Hilo alilijua kuliko mtu yeyote, maana ofisini kwake hakuna aliyethubutu kuchungulia. Mdogo husemea mlangoni, mkubwa hukohoa ndani, na mdogo hujua mwenyewe kama amekubaliwa au amefukuzwa. Mwaka mzima Frednand alikuwa ameiendesha kamati yake kwa kikohozi.

"Shikamoo, Bwana Dakta," aliliambia pazia.

Alirekebisha tai, akaendelea.

"Tuna wageni wazito. Naomba gari, kwa siku mbili tu."

Kikohozi. Kikavu, kifupi.

"Basi siku moja, Bwana Dakta. Hata usiku mmoja."

Kikohozi kingine, kirefu zaidi, kisha kishindo kilichotikisa gari zima. Frednand alirudi nyuma mpaka akamkanyaga fundi.

"Amekasirika," alinong'ona. "Kwani nimesema nini kibaya?"

"Gesi imeisha tangu juzi, mzee," alisema Auleria.

"Ndiyo maana! Mtu wa watu, anaumwa, hana hata maji ya baridi!" Alitoa kichwa mlangoni, akamfokea dereva wake aende nyumbani mbio akalete mtungi. Kisha akaligeukia pazia tena. "Bwana Dakta, nilikuwa natania. Wageni watalala kwangu."

Mtungi ulipofika, moto wa bluu uliwaka papo hapo. Frednand alitoka kinyumenyume, akiinama, akakosea ngazi na kuangukia mikono ya dereva wake.

Jua lilipoanza kulegea, friji ilikuwa imeshika baridi. Barafu kwenye kasha ilikuwa bado haijaisha. Auleria alihamisha vichupa kimoja kimoja, na alipofunga mlango wa friji alilia waziwazi, bila kujificha.

Bartholomayo alikusanya vifaa vyake. Alikuwa mtu aliyelelewa, hakuweza kuondoka kwa watu bila kuaga. Alivua kofia, akasimama mbele ya pazia.

"Bwana Dakta, ugua pole. Mimi nakwenda."

"Usijisumbue, fundi," alisema Auleria huku akifuta machozi. "Dakta alirudi kwao tangu Pasaka." Akavuta pazia, akamshika mbuzi pembe amshushe kitandani.