Kesi ya Bosi

Maganda ya yai la saba yalipatikana Jumanne asubuhi, palepale yalipopatikana ya yale sita: nyuma ya jiko la Nyabate, kwenye majivu yenye joto anapolala Bosi. Bosi mwenyewe alikuwepo, ameyalalia, na alipomwona Mochama alipiga mkia chini mara mbili kwa heshima.

"Umeona sasa?" Elmina alimwambia mumewe. "Hii mbwa yako haina hata aibu."

Mochama aliokota maganda akayageuzageuza. Yalikuwa makavu, bila tone la ute wala kiini. Kwa mbwa, Bosi alikuwa mlaji nadhifu kweli.

Elmina alikuwa akimkusanyia mayai kuku wake mwekundu ili aangue vifaranga. Kila akiweka moja, linatoweka. Wiki ya tatu sasa, kuku wa watu anaatamia nyasi, na uso wake ulionyesha kwamba anajua.

Kijijini kwao, nje kidogo ya Sotik, hukumu ya mbwa mla mayai ilijulikana na haikuwa na rufaa. Anaitwa mtu mmoja, Nyang'au, anakuja na kipande cha nyama chenye dawa, na jioni mwenye mbwa anachimba shimo kando ya majani chai.

Mochama hakutaka kuchimba shimo. Alimpenda mbwa yule na hakuona haya kusema. Mwaka jana aliteleza kwenye mtaro wa shamba akavunjika mguu, kapu la majani likiwa juu yake na mvua ikipiga. Ni Bosi aliyebweka mpaka sauti ikamkauka na majirani wakaja. Tangu siku hiyo, Mochama akiulizwa kwake wako wangapi, humhesabu na Bosi.

Mshtakiwa alikuwa na mtetezi wa pili, naye alikuwa mkali zaidi: Nyabate, mama yake Mochama, mwenye miaka themanini na mmoja.

"Bosi ni mtoto wa hii boma," alisema, akigonga mkongojo chini. "Mtoto hauawi juu ya yai."

"Sasa nani anakula, Mama?" Elmina aliuliza kwa adabu.

"Mungu anajua."

Elmina aliyachukua maganda akaenda kuyatupa. Mkwewe aliolewa enzi ambazo mwanamke wa Kigusii hakutia kuku wala yai mdomoni, na Nyabate hakuwahi kulegeza kamba. Krismasi, wengine wakigombania paja, yeye alipikiwa maharagwe yake. Elmina, ambaye alikula mayai mchana kweupe, alishakemewa vya kutosha, na hakutaka kuanzisha mahubiri mengine asubuhi ile.

Aliyeleta suluhu ni Atuti, daktari wa ng'ombe, ambaye mwezi uliopita alimchanja Bosi dhidi ya kichaa cha mbwa. Alikuja kuona ndama akakuta kesi.

"Msiue mbwa mzuri hivi," alisema. "Mfunzeni."

Akawaachia bomba la sindano na maelezo. Pilipili kali ichemshwe, maji yake yachujwe, yaingizwe ndani ya yai, kisha tundu lizibwe kwa nta ya mshumaa. "Haitamuua. Lakini ataona cha mtema kuni, na hatarudia."

Waliifanya kazi hiyo Jumatano alasiri, Nyabate akiwa kwenye maombi ya akina mama, kwa maana angewaita wakatili. Elmina alipiga bomba zima, akafikiri kidogo, akaongeza nusu.

"Hiyo nusu ni ya kuku wangu," alisema.

Yai likarudi kiotani likiwa halina hatia usoni. Mochama alitoka nje akamkuna Bosi nyuma ya masikio, akamwomba msamaha mapema.

Alhamisi kulipokucha, yai halikuwepo. Mochama aliita mara moja tu. Bosi alitokea nyuma ya jiko akijinyoosha, akapiga miayo, akaja kulamba matone ya maziwa kwenye mtungi. Macho makavu, mkia juu. Mochama alimfungua mdomo akanusa. Hakuna kitu. Akaenda nyuma ya jiko kuangalia, na maganda yalikuwa palepale, makavu kama kawaida.

"Basi hiyo si mbwa, ni jambazi," Elmina alimwambia mumewe. "Pilipili yote ile na haisikii! Baba Duke, pigia Nyang'au simu."

Daktari alisema atafunzika, na sasa hata pilipili imeshindwa. Mochama akapiga. Nyang'au alisema atafika saa nne, na kwamba nyama anayo. Mochama alikaa mezani, chai ikipoa mbele yake. Nje, Bosi alikuwa akibwekea kunguru asitue kwenye maziwa ya ndama. Alifanya kazi mpaka dakika ya mwisho, maskini.

Nyabate akaingia kunywa chai, kama kila asubuhi. Ndiye aliyeongoza sala katika nyumba ile, na sala zake zilikuwa ndefu.

"Mama, tuombee," Elmina alisema, sauti imelainika kidogo. "Na huyo Bosi pia umwombee. Nyang'au yuko njiani."

Nyabate hakuomba. Alikaa amejiziba mdomo kwa leso, machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni, na Mochama akamhurumia. Hakujua kwamba mama yake alimpenda mbwa kiasi hicho. Kisha bibi kizee akanyoosha kidole kwenye jagi la maziwa, Elmina akamsogezea, akalinywa lote bila kuvuta pumzi, na kwa ishara ya mkono akaomba la pili.