Mkono wa Kushoto Haupakwi

"Mkono wa kulia tu," muuzaji alisema, na wa kushoto akauficha nyuma ya mgongo.

Kwenye duka lile la vipodozi, mikono ya wauzaji ndiyo ya majaribio. Muuzaji hujipaka losheni, mteja akainusa, akaisugua kwa kidole, kisha akaondoka na chupa au akaondoka na harufu ya bure. Kufikia mchana mkono wa kulia ulikuwa na losheni kumi na moja, na mteja wa kumi na mbili alikuwa na kisirani chake. Alisema hakuja kunusa mchanganyiko.

Bosi, mama mtu mzima asiyependa mteja atoke mikono mitupu, alikuja mbio.

"We dada, paka mkono wa pili. Unauza losheni au unauza maringo?"

"Siwezi, mama. Niko kwenye utafiti."

Hakuwa anadanganya. Miezi miwili nyuma, wiki yake ya kwanza baada ya likizo ya uzazi, mtaalamu wa ngozi kutoka maabara ya mtaa wa pili alikuja dukani kutafuta watu wa kujitolea. Alieleza kwamba ngozi ina vijidudu vyake vinavyoilinda, na kwamba sabuni za manukato na losheni huvivuruga: vingine hupungua, vingine huzidi. Kila mtu angechagua sehemu moja ya mwili asiipake kitu.

Wauzaji wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakajiandikisha kwa mzaha. Yeye aliuliza swali moja: vijidudu hivyo mtu huvipata wapi? Vingine kwa watu wanaomgusa, mtaalamu alijibu. Alijiandikisha papo hapo na kuchagua kiwiko cha kushoto, upande wa ndani. Tangu siku hiyo hakukigusa hata kwa sabuni ya kufulia, na mkono wote hakuupaka kitu, losheni isije ikakifikia.

"Utafiti haukulishi," bosi alisema. "Paka, au vua aproni."

Aliivua, akaikunja vizuri na kuiweka juu ya kaunta. Kazi ya miaka sita ilikwenda hivyo, na hakusikia uchungu wala hasira. Siku hizi hakusikia kitu.

Alikwenda moja kwa moja maabara. Mtaalamu alimpangusa kiwiko kwa kijiti cha pamba, uso umejaa furaha.

"Wenzako wote wamenichezea shere, wamejipaka kwa kificho. Wewe peke yako ndiye umetimiza. Hebu tazama."

Alimwekea mbele kisahani cha kioo chenye mfuniko. Ndani kulikuwa na madoa madogo madogo, meupe na ya njano, yaliyoota kutokana na sampuli ya wiki iliyopita.

"Yote haya yametoka mkononi mwako, na yako hai. Basi, tumemaliza. Nenda kaoge na sabuni uipendayo."

Hakuinuka. Alikiinamia kisahani.

"Yapi ni yangu," aliuliza, "na yapi ni ya mwanangu?"

"Kumbe una mtoto! Kwa macho tu siwezi kujua. Mlete kesho tumpanguse na yeye, tulinganishe."

"Tulishamzika," alisema, akakichukua kisahani kwa mikono miwili. "Naomba nimpakate kidogo."