Chaki na Kikombe

Mwalimu Mbithe aliandika "maji" ubaoni, akawataka wanafunzi wa darasa la jioni waliandike neno hilo kwa lugha za kwao. Apondi akaandika "pii". Shukri akaandika "biyo". Chaki ikamfikia Nakiru.

"Mimi ni wa hapa hapa mjini, mwalimu. Najua Kiswahili tu."

"Ya wapi hiyo, mtu akose kwao?" Apondi akamtania.

Mara mama yake Nakiru akatokea mlangoni, shanga hadi kidevuni, mjukuu mgongoni. Alikuwa amemleta anyonye. "Nakiru, ngakipi," akasema, akiinua kikombe kitupu.

Darasa zima likageuka.

"Nani huyo?" mwalimu akauliza.

"Yaya wangu," Nakiru akajibu.

Mama yake hakujua Kiswahili kingi, lakini neno hilo alilijua. Nakiru alipomletea maji, alikunywa taratibu, kisha akarudisha kikombe kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha, kama anayemrudishia tajiri wake.

Nakiru akabaki mlangoni, kikombe mkono huu, chaki mkono huu, na ubao nyuma yake ukimngoja.