Mazishi ya Kundi D

Jeneza la kwanza Mubanga alikutana nalo stendi ya Ndola. Lilikuwa la maboksi, limefunikwa kitambaa cha kijani, limebebwa na vijana sita waliokuwa wakicheza. Wa saba, mwanamume na ndevu zake, alikuwa amejifunga kitenge akilia kama mjane. Ubavuni waliandika kwa makaa: TIMU YA TAIFA, KUZALIWA MACHI, KUFA NOVEMBA.

Mubanga alishusha kofia hadi kwenye nyusi akapita. Hakuna aliyemtambua, na hilo nalo lilimuuma. Aliona alistahili angalau kurushiwa maganda ya ndizi.

Msimamo wa Kundi D kila mtoto wa Zambia aliujua kwa kichwa. Sare tu, mechi ya mwisho, ugenini, na wangefuzu. Mpaka dakika ya tisini ilikuwa sifuri kwa sifuri. Kisha mshambuliaji mmoja wa wenyeji, aliyechoka hata kukimbia, akapiga shuti la kujiondolea lawama. Mpira ulikuja taratibu, wa kuokotwa na bibi kizee, ukampiga tobo kipa Mubanga Sampa mbele ya macho ya nchi nzima. Wakaangukia nafasi ya tatu.

Siku mbili alijifungia kwenye chumba cha hoteli Lusaka. Simu za waandishi hakuzipokea. Aliyoisubiri ni moja tu, ya baba yake. Mzee Sampa ndiye aliyemfundisha kudaka, kwa machungwa, uani kwao, na baada ya kila mechi, ashinde ashindwe, lazima ampigie. Safari hii kimya. Siku ya tatu akapiga Chola, dada yake mkubwa.

"Rudi nyumbani."

"Baba kakasirika sana?"

"We njoo tu, mdogo wangu. Ya nyumbani hayasemwi kwenye simu."

Kwa hiyo alipokata kona ya mtaa wao na kuliona jeneza la pili, uani kwa baba yake mwenyewe, hakushangaa. Hili lilikuwa la mbao, limepigwa vanishi likang'aa, na juu yake imetandazwa jezi namba moja. Alijua mara moja ni kazi ya nani. Jere, seremala jirani yao, ni Mngoni, na Wangoni na Wabemba ni watani tangu enzi za mababu. Mwaka juzi timu ya Jere iliposhuka daraja, Mzee Sampa alimpelekea jeneza mpaka mlangoni, akagaragara na kulia hadi mtaa mzima ukashika mbavu. Leo Jere alikuwa anarudisha. Na mzee, kwa anavyopenda utani, bila shaka ndiye aliyetoa ua wake, ili mwanawe aionje aibu yake vizuri.

Sawa tu, Mubanga alijisemea. Nimeyataka mwenyewe.

Jere alikuwa amelala chali getini, amevaa koti nje ndani, kaziba njia.

"Hupiti, mla nyani! Leta kuku kwanza!"

"Toka hapo, mla panya."

"Umeua, halafu unakuja mikono mitupu? Mikono yenyewe ya siagi!"

Watu wakacheka. Mubanga naye akajilazimisha kucheka, ingawa neno lile lilimchoma. Macho ya Jere yalikuwa mekundu kabisa. Huyu kaamkia pombe, aliwaza, akamruka.

Chola alitoka mbio, pekupeku, akamkumbatia.

"Pole, mdogo wangu. Pole."

"Usinionee huruma, dada. Nastahili."

"Hukuambiwa njiani?"

"Nimeambiwa na nchi nzima."

Chola alimtazama, akafungua mdomo, kilio kikamzidi. Wanawake waliokaa chini barazani wakampokea, sauti zikapanda. Mubanga aliona wale wa stendi walikuwa wanafunzi tu mbele ya waigizaji hawa.

Wanaume walikuwa wamekaa kuuzunguka moto. Aliwapitia uso mmoja mmoja, baba yake hayumo. Yuko ndani basi, nyuma ya pazia, ananisikiliza. Hatia aliyoibeba siku tatu ikamtoa mzaha wote. Alisimama kando ya jeneza akauelekea mlango wa nyumba.

"Baba! Najua unanisikia. Ule mpira niliuona tangu unatoka mguuni kwake. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza kwamba leo nitakupigia mimi, kabla hujanipigia wewe. Nikawa nawaza nitakachokuambia. Hapo ndipo uliponipita." Alifuta uso kwa kiganja. "Nisamehe. Nitukane, nichape mbele ya Wangoni hawa, ila usininyamazie."

Pazia halikutikisika. Hakuna aliyecheka tena. Jere, ambaye mila inamtaka atanie mpaka mwisho, alikuwa ameugeukia ukuta, mabega yanamtetemeka. Mubanga alidhani anabana kicheko.

Basi akaamua kuumaliza mchezo kiume, huenda mzee angeridhika na kutoka. Aligonga jeneza mara tatu.

"Amka, bwana! Makundi mapya yanapangwa mwakani!"

"Mubanga, hapana!" Chola alipiga kelele.

Lakini alikuwa ameshainua kifuniko, akitarajia kukuta mpira, au glovu kuukuu. Baba yake alikuwa amelala humo na suti yake ya Jumapili, pamba puani.